Maswali ya Wasomaji: Kisiwa ambacho barabara yake hufunikwa na bahari

SWALI: Mhariri, kamwene. Binti yangu anahitimu masomo yake mjini Newcastle, Uingereza, mwezi wa saba, nasi wazazi wake tumejaliwa kupata nauli ya kwenda kumshuhudia. Baada ya mahafali tutabakiwa na siku nne. Baba yake angependa tuzitumie London, lakini binti anasisitiza kutupeleka Northumberland, kwenye kisiwa ambacho barabara yake hufunikwa na bahari. Sisi ni watu wa milimani, na bahari tumeiona mara mbili tu, Dar es Salaam. Je, safari hiyo ni salama? Kuna cha kuona kwa wazee wasioweza kutembea sana? Na baridi ya huko ikoje?
Mama wa Mafinga

JIBU: Kamwene mama, na hongera kwa kumsomesha binti hadi hapo. Ushauri wangu ni kwamba mumsikilize. Kutoka Newcastle hadi London ni takriban saa tatu kwa treni, ilhali ukielekea kaskazini unashuka Alnmouth, ndani ya Northumberland, baada ya nusu saa tu. Huko wakazi ni wachache, kondoo ni wengi, na ufuo ni mrefu na umetulia.

Kisiwa anachokitaja ni Lindisfarne, ambacho wengi hukiita Kisiwa Kitakatifu. Mmonaki Aidan alikuja kutoka Iona, kisiwa cha Scotland, mwaka 635, akaanzisha monasteri iliyoeneza Ukristo kaskazini mwa Uingereza, na mwaka 793 Waviking waliishambulia. Hapo ndipo kilipoandikwa kwa mkono kitabu maarufu cha Injili, ambacho leo kimehifadhiwa London na ambacho watu wengi wa kaskazini wangependa kirudishwe kwao. Sisi tuliosubiri fuvu la Mtwa Mkwawa hadi mwaka 1954 ndipo likaletwa Kalenga, tunawaelewa vizuri.

Kuhusu usalama, naomba hapa unisome taratibu. Bahari hujaa mara mbili kila siku na kuifunika kabisa barabara ya kisiwani, na kwa kuwa saa za kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, muda uliokuwa salama jana unaweza kuwa wa hatari keshokutwa. Halmashauri ya kaunti hutangaza saa salama za kuvuka kwa kila tarehe. Binti azitafute kabla hamjapanga jambo lingine lolote, kwani ni saa hizo zitakazoamua mle wapi na mlale wapi. Nilipovuka mimi, maji yalikuwa yamekupwa, lami ikiwa bado na mchanga wenye unyevu na mwani kandokando. Katikati ya njia kuna kibanda cheupe kilichosimama juu ya nguzo ndefu, chenye ngazi, kwa ajili ya watu waliokutwa na maji. Kila mwaka yapo magari yanayonaswa, na mara nyingi ni ya wageni waliodhani kwamba dakika chache haziwezi kuleta madhara. Mkiheshimu ratiba hamna cha kuogopa, na kijiji chenyewe ni kidogo, mtakizunguka polepole bila kuchoka.

Siku nyingine nendeni kwenye ukuta ambao Mfalme Hadriani wa Roma aliamuru ujengwe kuanzia mwaka 122, kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Palipo na vilima pana kupanda, kwa hiyo kwa ajili ya magoti yenu nachagua Vindolanda, ngome ya Kirumi iliyo karibu. Humo ardhini zilifukuliwa barua zilizoandikwa kwa wino juu ya vipande vyembamba vya mbao. Katika mojawapo, mwanamke aitwaye Claudia Severa anamwalika rafiki yake kwenye siku yake ya kuzaliwa. Katika nyingine, askari anaarifiwa kwamba ametumiwa soksi, ndala na chupi. Mzazi yeyote aliyewahi kufunga kifurushi cha mtoto wa bweni ataguswa na barua hiyo.

Mkipita kijiji cha Craster, onjeni heringi wao, samaki wanaopasuliwa na kuning'inizwa juu ya moshi wa mti wa mwaloni. Mwanangu aliyezoea samaki wa Mtera aliomba aongezewe.

Baridi ya Julai haitawashinda watu wa Mafinga, kwani mchana wa pwani ile hukaribia nyuzi 18. Kinachosumbua ni upepo wa bahari na mvua isiyobisha hodi, hivyo chukueni koti lisilopenya maji pamoja na sweta zenu za kawaida. Pia jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo bebeni kitambaa cheusi cha kufunika dirisha, hasa kama baba ni mtu wa kulala mapema.