Mdogo wangu hachezi na halipwi: je, avunje mkataba?

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 20, ni kiungo. Msimu uliopita alianza karibu kila mechi kwenye klabu yake ya hapa nyumbani, kisha akasaini miaka mitatu na klabu moja ya Oman. Tangu afike ameingia uwanjani mara moja tu akitokea benchi. Sasa wamempeleka kufanya mazoezi na timu ya vijana, na mishahara ya miezi miwili haijaingia. Anataka kupanda ndege arudi. Sheria inamruhusu? (Dada yake, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, mzuie kwanza asipande hiyo ndege. Akiondoka kambini bila barua, yeye aliyedhulumiwa ndiye atakayeonekana kavunja mkataba, na klabu itapata la kumdai.

Umeleta malalamiko mawili, na kisheria hayalingani. Nguvu yake iko kwenye mshahara. Kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji kinasema hivi: klabu ikishindwa kumlipa mchezaji angalau mishahara miwili ya mwezi ambayo tarehe yake imefika, mchezaji anaiandikia notisi na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe deni lote. Siku hizo zikiisha bila malipo, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Notisi itaje kila kiasi na tarehe kilipotakiwa kulipwa, na itumwe kwa barua pepe rasmi ya klabu. Kumlalamikia meneja wa timu kwa simu hakuhesabiki. Na katika siku zote hizo aende mazoezini, hata kama ni ya vijana.

Suala la benchi ni gumu zaidi, kwa sababu kupanga kikosi ni haki ya kocha. Kipo kifungu cha 15, kinachomruhusu mchezaji kuondoka akiwa amecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu katika msimu. Klabu ikicheza mechi 30, basi awe amecheza zisizozidi mbili. Lakini kifungu hicho ni cha mchezaji aliyekwisha kukomaa, na klabu inaweza kubisha kwamba kijana wa miaka 20 bado. Tena hutumika ndani ya siku 15 tu baada ya mechi rasmi ya mwisho ya msimu, na anaweza kuamriwa kulipa fidia. Nisingemshauri aanzie hapo.

Ninachotaka mkichunguze leo hii ni usajili wake. Ligi nyingi huweka kikomo cha wachezaji wa kigeni, na klabu ikipata mgeni mpya humfuta mmoja. Mchezaji aliyefutwa hawezi kucheza hata kocha akimtaka, na chombo cha FIFA cha kusuluhisha migogoro kimekuwa kikilihesabu jambo hilo kuwa ni kumnyima haki yake ya msingi. Likithibitika, shauri lake linakuwa zito zaidi.

Kwa kuwa ni Mtanzania kwenye klabu ya nje, madai yanaweza kwenda FIFA moja kwa moja ndani ya miaka miwili, ila someni kwanza mkataba unataja chombo gani cha usuluhishi.

Haraka ina gharama. Desemba 2022 Feisal Salum alitangaza kuachana na Yanga akiamini fedha alizoiwekea klabu zinatosha kumfungua. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Nusu ya msimu ikampita, hadi Azam walipomnunua Juni.

Klabu ikilipa deni lake, msikimbilie kuvunja. Ombeni apelekwe kwa mkopo, yaani akacheze klabu nyingine kwa muda huku mkataba wake ukibaki. Luis Miquissone aliifunga Al Ahly ya Misri akiwa Simba Februari 2021, mwaka huohuo Al Ahly wakamsajili, nafasi ikakosekana. Alikwenda kwa mkopo Abha ya Saudi Arabia na mwaka 2023 akarudi Simba. Kipaji chake hakikuwa kimepotea, alihitaji dakika za kucheza, na naamini mdogo wako yuko hapohapo.

Angalieni hili kabla ya kutafuta timu: katika msimu mmoja mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu tatu, lakini kwa kawaida huruhusiwa kucheza mechi rasmi kwa klabu mbili tu. Kama msimu huu aligusa mpira hata mechi moja ya ligi hapa nyumbani kabla ya kuondoka, ile mara moja aliyotokea benchi huko Oman huenda imeshamaliza nafasi yake ya pili, na timu ya tatu italazimika kumsubiri hadi msimu ujao.