Jana 15 leo 30, watu mara mbili watatosha?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nafuatilia kile kipimo cha hatari ya moto wa msituni cha Kanada, FWI. Jana kilikuwa 15, leo kimegonga 30. Sasa tukipeleka watu mara mbili ya jana si inatosha? Halafu juzi mvua ilinyesha, mbona namba inapanda?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Haitoshi, na hapo ndo watu wanapoumia. FWI inakwambia moto ukiwaka utakuwa na makali kiasi gani, kazi ya kuudhibiti ina hesabu yake inaitwa DSR: unachukua FWI kwa kipeo cha 1.77, unazidisha kwa 0.0272. Piga mwenyewe, 15 inakupa kama 3.3 na 30 inakupa 11.2, yaani kazi imepanda zaidi ya mara tatu.

Na usidhani basi upeleke watu mara tatu, maana moto ukishakuwa mkubwa majembe hayasaidii hata yawe mia. Ndimi zikiwa chini ya mita 1.2 watu wenye reki na majembe wanaweza kuukabili mbele kabisa, zikizidi hapo joto linawafukuza, unataka tingatinga na magari ya maji, zikipita 2.4 hata mashine kusimama mbele yake ni shida, na kwenye 3.4 kwenda juu moto unapanda vileleni mwa miti, cheche zinaruka ng'ambo ya njia mliyofyeka jasho likiwatoka. Hapo tafadhali sana usimuweke mtu mbele, anzeni nyuma na pembeni.

Kuhusu mvua, FWI inatumia joto, unyevu wa hewa, upepo na mvua ya saa 24, vinapimwa saa sita mchana. Nyasi na majani ya juu yanalowa leo, kesho jua likipiga na upepo ukivuma yanakauka, ukiyakunja yanakatika pap! Chini kwenye mboji nene ni habari nyingine, tabaka lile linakauka taratibu kwa wiki na wiki, na mvua isiyozidi milimita 2.8 kwa siku kipimo hakiihesabu kabisa huko chini, kwa hiyo manyunyu yenu ya juzi yaliosha majani tu.

Ndo maana pia moto unaoonekana umezimika unafufuka siku ya tatu. Kabla hamjaondoka vueni glavu, sogezeni mgongo wa mkono karibu na majivu, pole pole, kwenye visiki na mizizi hasa, ukisikia joto chimba hapo hapo, mwaga maji, koroga, rudia mpaka pawe baridi.