Bomba la 450 linatosha leo. Je, miaka 30 ijayo?

SWALI: Mhandisi, salamu. Mimi ni katibu wa kikundi kilichonunua ardhi hapa Nakuru, kwenye mteremko unaoshuka kutoka Menengai. Tuna ekari 10 tulizogawa viwanja 60 vya futi 50 kwa 100, na barabara za mita 9. Kwa sasa ni nyasi na nyumba nne. Fundi ameshauri tulaze bomba la milimita 450 chini ya barabara kuu ya mtaa, kwa sababu maji ya mvua hayajawahi kujaza hata nusu ya mtaro uliopo. Mwenzetu mmoja anataka 600 ili kazi isirudiwe. Mhandisi anayepanga mji wa miaka 30 ijayo angeanzia wapi?

JIBU: Salamu, Katibu. Angeanza kwa kuuchora mtaa wenu ukiwa umejaa: nyumba 60, mabati juu, kabro uani, lami barabarani, hakuna nyasi. Halafu angeuliza mvua kubwa ikinyesha juu ya mtaa huo, maji yatapita wapi. Fundi wenu hakukosea hesabu. Amepimia ardhi ambayo karibuni haitakuwepo tena.

Hesabu yenyewe mnaweza kuifanya kwenye mkutano. Chukua sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na udongo, zidisha kwa ukali wa mvua (milimita kwa saa), zidisha kwa eneo (hekta), gawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Ekari 10 ni kama hekta 4. Tuseme imenyesha milimita 60 kwa dakika 45, yaani kwa ukali wa milimita 80 kwa saa. Nyasi huachia takriban robo ya maji, 0.25, na jibu ni 0.22. Mtaa uliojengwa wote huachia kama 0.7, na jibu linaruka hadi 0.62. Mvua ni ile ile, udongo ni ule ule, lakini maji ni karibu mara tatu.

Sasa mabomba. Bomba la zege lililolazwa kwa mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100 hupitisha, likijaa, takriban 0.28 kama ni la 450, 0.61 kama ni la 600, na 1.11 kama ni la 750. Kwa hiyo la 450 linatosha kwa nyasi peke yake. La 600, ambalo mwenzenu analiona kubwa, linazidiwa siku mtaa unapojaa, hata kabla halijaingia tope. Jibu langu ni 750. Kwa eneo dogo kama lenu maji ya juu kabisa hufika chini kwa dakika 10 au 15, na mvua ya dakika 15 huwa kali kuliko ya dakika 45, kwa hiyo 80 si kikomo. Bomba la 750 linahimili hadi milimita 140 hivi kwa saa. Mhandisi wenu achukue namba kamili kwenye grafu za ukali wa mvua za kituo kilicho karibu, kisha aongeze asilimia 20 kwa ajili ya hali ya hewa inayobadilika. Akiwaletea mvua ya siku nzima iliyogawanywa kwa saa 24, mrudishieni kazi yake: milimita 60 zikigawanywa hivyo zinaonekana kama manyunyu ya 2.5 kwa saa, wakati barabarani zilikuwa mto.

Kuna neno jingine linalopotosha watu. "Mvua ya miaka 10" si mvua inayokuja mara moja kila miaka 10 kwa zamu. Ni mvua yenye nafasi ya 1 kwa 10 kila mwaka. Ndani ya miaka 30, uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni kama asilimia 96. Ile ya miaka 25 ni asilimia 71, na hata ya miaka 100 ni asilimia 26. Ndiyo maana mabomba ya mtaa hupimiwa mvua ya miaka 10, kalvati kubwa ya miaka 25, halafu inakaguliwa ile ya miaka 100: bomba likizidiwa, maji yataingia sebuleni kwa nani? Jibu linapaswa kuwa hakuna. Barabara ichimbwe iwe chini ya viwanja kwa angalau sentimita 30, ili siku hiyo barabara yenyewe iwe mtaro. Kosa hili naliona kila mahali: barabara inaongezwa kifusi juu ya kifusi mpaka inakuwa juu kuliko milango ya watu.

Bomba likishapatikana, tatizo linahamia kwa jirani wa chini. Hamwezi kummwagia 0.62 mtu aliyezoea kupokea 0.22. Tena maji ya Nakuru hayana pa kwenda. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, kwa hiyo kila tope na kila chupa inayoshuka huishia humo, wanamokula heroe. Mnatakiwa kuyashikilia maji kwenu, muyaachie polepole. Tofauti ya mita za ujazo 0.4 kwa sekunde, ikidumu nusu saa, ni mita za ujazo 720. Hayo ni makadirio ya kwanza, lakini yanaonyesha ukubwa wa jambo: bwawa la kina cha mita 1.2, kingo zinazolala mita 3 kwa kila mita 1 ya kina ili mtoto akiteleza aweze kupanda, na sentimita 30 za akiba juu ya maji. Linaenea vizuri kwenye viwanja viwili vilivyopakana. Tundu la kutolea maji liwe la kipenyo cha milimita 325 hivi, na juu yake kuwe na njia pana ya dharura iliyosakafiwa mawe. Kukiwa kukavu, hapo ni uwanja wa mpira.

Najua kumwambia mtu kiwanja chake kimekuwa bwawa si jambo jepesi, na hapa ndipo naomba mnisikie zaidi. Bomba dogo hufukuliwa likabadilishwa. Ni gharama na vumbi, basi. Nafasi ikishauzwa na kujengwa hairudi. Viwanja viwili vya chini kabisa vitengwe kabla ya hati kutoka, viandikwe kuwa mali ya wote, na ramani ipelekwe kaunti ikiwa hivyo.

Matangi ya nyumbani yanasaidia kiasi. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 40 hutoa kama lita 3,600, kwa hiyo nyumba 60 hushika mita za ujazo 216, si haba. Lakini tangi lililojaa tangu wiki iliyopita halishiki hata tone. Atakayetaka lisaidie kweli aweke tangi la lita 8,000 na kitundu cha milimita 10 karibu na katikati: nusu ya chini ni ya kufulia, nusu ya juu hujivuja polepole na kusubiri mvua ijayo. Maji ya paa yasiunganishwe kamwe na bomba la majitaka. Mvua moja inatosha kufanya vyoo vya walio chini vifurike.

Udongo wenu nao una tabia yake. Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkeno na mawe mepesi, udongo unaobeba vizuri ukiwa mkavu na kubomoka ukilowa. Maji yakipenya mahali pamoja hubeba chembe na kuacha uwazi chini, mpaka ardhi inashuka ghafla. Nyufa zilizowahi kufunguka baada ya mvua upande wa Kaptembwo na Rhonda ni za aina hiyo, na nyingi hufuata mistari ya Bonde la Ufa. Kwa hiyo ushauri wa kuchimba mashimo ya kunyonyea maji, ambao ni mzuri kwingineko, hapa usifuatwe karibu na nyumba. Tandikeni bwawa kwa karatasi nzito ya plastiki kama ya mabwawa ya shambani. Mtaro wa udongo mtupu usipewe maji yanayokwenda zaidi ya nusu mita kwa sekunde, la sivyo mwaka wa pili ni korongo. Penye mteremko mkali jengeni ngazi za mawe. Kabla ya kulaza bomba, tembeeni baada ya mvua kubwa mkitafuta vishimo vilivyojipanga mstari mmoja. Mkivikuta, msivifukie na kuendelea: hamisheni njia ya bomba, au pavukwe kwa bomba la plastiki lililounganishwa kwa moto, kwani viungo vya zege hufunguka ardhi ikisogea.

Wasomaji wa Kisumu wasinakili vipimo hivi. Kule ni tambarare, na bomba lile lile la 750 kwa mteremko wa 1 kwa 500 hupitisha 0.50 tu. Udongo mweusi hufura na kupasuka, kwa hiyo bomba hulazwa juu ya changarawe. Ziwa lenyewe hurudisha maji nyuma: Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha kiwango cha maji cha Jinja, Uganda, likipita rekodi ya 1964, na mdomo wowote wa mtaro uliokuwa chini ya kiwango hicho ulifungwa na maji ya ziwa.

Mkishaamua, mdaini mkandarasi mambo matatu kwenye mchoro: kimo cha sakafu ya ndani ya bomba kila mita 20, mashimo ya ukaguzi yasiyozidi mita 50 kutoka moja hadi jingine na yenye kina cha ziada cha sentimita 30 cha kunasa mchanga, na wavu wa chuma uliolala kwa pembe pale mtaro unapoingia bombani. Wavu uliosimama wima huziba kwa takataka ya mvua ya kwanza. Mpangieni mtu wa kuusafisha kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba, na mshahara wake uingie kwenye ada ya mtaa tangu mwezi wa kwanza.