Mgonjwa wa saratani na usingizi: tatizo ni jeni?

SWALI: Mama yangu anatibiwa saratani ya titi. Tangu aanze kemotherapia anakesha hadi usiku wa manane, mchana anasinzia. Ukoo wetu wengi huchelewa kulala. Je, apimwe jeni za saa ya mwili?

JIBU: Pole kwa kuuguliwa na mama. Ni kweli, saa ya mwili, yaani mfumo unaopanga muda wa kulala na kuamka, hurithiwa kwa sehemu. Ndani ya seli, jeni CLOCK na BMAL1 huziamsha jeni za PER na CRY. Protini za PER na CRY zikishajaa huzizima CLOCK na BMAL1, na mzunguko mzima huchukua takriban saa 24. Badiliko fulani la CRY1, mojawapo ya jeni za CRY, huurefusha mzunguko huo, mtu akachelewa kupata usingizi. Lakini mabadiliko yenye nguvu hivyo ni nadra, na majibu ya kipimo hayatabadilisha tiba ya mama. Msitumie fedha huko.

Anzeni na dawa. Deksamethasoni, inayotolewa sana pamoja na kemotherapia ili kuzuia kichefuchefu, hufukuza usingizi. Akiimeza jioni, atakesha. Mwulizeni daktari kama dozi zote zinaweza kumezwa kabla ya saa sita mchana. Msiipunguze wala kuikatisha wenyewe. Mtajieni pia maumivu, na joto la ghafla linalomtoa jasho usiku, maana yote mawili yanatibika.

Kisha mwanga, na hapa ndipo wagonjwa wengi hupoteza. Saa kuu iliyo ubongoni hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni, na anayeshinda chumbani huikosesha ishara hiyo. Aamke saa ileile kila siku, kisha akae nje nusu saa. Kwa kuwa baadhi ya dawa huifanya ngozi iungue upesi, akae kivulini: hata hapo kuna laksi (kipimo cha mwanga) elfu kadhaa, wakati ndani ya nyumba aghalabu ni mia chache tu. Usiku taa zififishwe.

Mchana alale dakika 20 hadi 30, kabla ya saa tisa alasiri. Akikosa usingizi kwa kama dakika 20, atoke kitandani, akae penye mwanga hafifu hadi asinzie. Akiwa na kizunguzungu, asiinuke peke yake.

Melatonini, homoni ya usingizi, asinunuliwe bila daktari wake kujua, hasa akitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Na miguu ikimwasha au kumtaka aichezeshe kila akilala, aombe kupimwa kiwango cha madini ya chuma.