Ng'ombe kuinamisha kichwa siku nzima sio ushahidi kwamba anakula

Madogo wa fildi mliofika Tabora mwezi huu, nawapenda ila mnanichosha. Jana nimewakuta wawili chini ya mwembe wana daftari na simu, wanaandika ng'ombe gani amekula dakika ngapi kwenye rodesi na ngapi kwenye mulato, zile nyasi mbili za malisho, halafu mmoja ananiambia kwa furaha kabisa, "bosi, rodesi inaongoza". Nikacheka, halafu nikanuna, maana hiyo sentensi niliwahi kuiandika mimi.

1. Muda wa kula sio kiasi cha kula. Nilikuwa mgeni kwenye kazi, niko kijiji kimoja Uyui, kuna mzee ana vipande viwili vya malisho, kimoja rodesi kingine mulato, akaniomba nimwambie ng'ombe wake wa maziwa akae wapi. Ilikuwa Machi, mvua bado ipo, rodesi imeshatoa maua imekuwa mabua matupu, mulato bado majani mapana ya kulegea. Mimi hilo sikuliona kabisa, nilikuwa naangalia saa. Siku tatu nzima nimekaa juani nahesabu vichwa vilivyoinama. Waliokuwa kwenye mulato walifunguliwa saa moja, ikifika saa nne wamelala wanacheua, mimi naandika "hawaipendi". Wa kwenye rodesi wakaendelea mpaka saa nane jua linawaka, naandika "wanaipenda sana". Nikachora na grafu, grafu jamani, kwa rula. Nikamwambia mzee hamishia wanaonyonyesha wote kwenye rodesi, na nikaongeza kwa kujiamini kwamba ile mulato aifikirie kuing'oa.

Wiki ya pili maziwa yameshuka mpaka mama wa nyumba anajua. Mzee hakunigombeza, alinikaribisha ugali, nikala nikanawa mikono nikarudi nyuma, akaniuliza, "Mwanangu, mbona umeacha kula, huupendi ugali wetu?" Nikasema hapana mzee nimeshiba. Akanyamaza ananiangalia. Aisee ilinichukua kama dakika nzima kuelewa, na ilipoingia nilitamani ardhi ipasuke.

Hesabu yenyewe ni hii, ifanyeni hata kwa simu. Ng'ombe wa kilo 300 anatakiwa ale kwa siku kama asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 7.5 za majani ukishatoa maji. Akimega mara 50 kwa dakika kwa masaa 8 hiyo ni mimego 24,000, kwa hiyo kila tonge linatakiwa liwe kama gramu 0.3. Sasa kwenye rodesi iliyokomaa anachambua, anatafuta jani katikati ya mabua, tonge linashuka tuseme gramu 0.2, ili afikishe zile kilo anahitaji masaa 12 na nusu, na mchungaji anamrudisha zizini kabla ya giza. Kwa hiyo anaongeza muda, anahangaika, na bado analala na njaa. Mnaona alichokuwa anafanya wa kwangu? Alikuwa anafukuzia deni.

2. Msilinganishe aina mkasahau umri. Mimi sikulinganisha rodesi na mulato, nililinganisha mzee na kijana. Rodesi ikiliwa au ikikatwa kabla ya maua ni chakula kizuri tu, ni ile tamaa yetu ya kuiacha irefuke eti iwe nyingi. Ndefu sio nyingi, nyasi za kuezekea nazo ni ndefu.

3. Siku za mwanzo kwenye majani mageni msihesabu chochote, ng'ombe naye ananusa anashangaa kama nyie mlivyoshangaa siku ya kwanza hapa. Wapeni wiki hivi.

4. Protini ikishuka chini ya kama asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinakosa nguvu, chakula kinakaa tumboni muda mrefu na hamu inapungua hata majani yakijaa mpaka kiunoni. Huku hiyo ni habari ya kuanzia Julai. Ukiona mavi makavu yamepangana kama chapati, usiulize zaidi.

5. Angalieni shimo la njaa upande wa kushoto jioni, lile bonde nyuma ya mbavu, likibonyea ujue hajashiba. Kazi ya sekunde mbili.

6. Wafungulieni mapema. Asubuhi na jioni ndio wanakula kwa bidii, saa saba ya Septemba hata wewe unatafuta kivuli.

Mzee hakuing'oa ile mulato, hakuwa na mpango huo hata nilipokuwa naongea. Mpaka leo tukikutana mnadani ananiuliza kama nimekula, nikisema ndio, anauliza, "Dakika ngapi?"