Gari haiwaki na kompresheni iko chini: msikimbilie kufungua hedi

Vijana mnaoingia kwenye ufundi wa magari, hili nalirudia kila tukipata mwanafunzi mpya gereji kwa sababu linakula sana hela za wateja bure. Gari imevutwa, haiwaki, plagi zinatoa moto, mafuta yanafika, mtu anafunga geji ya kompresheni, ile ya kupima hewa inavyobanwa ndani ya silinda, anaona namba ndogo, basi hapohapo anamwambia mwenye gari injini imekufa tunashusha. Subiri kwanza. Ile namba imekwambia tu kwamba hewa haikubanwa vya kutosha, haijakwambia imepotelea wapi, na kazi yako ndo kujua imepotelea wapi. Hewa ina njia chache tu, inapita kwenye ringi zinazozunguka pistoni, kwenye valvu zinazofungua na kufunga njia za hewa na moshi, kwenye gasketi inayoziba kati ya bloki na hedi (kile kipande cha juu cha injini), au haikuingia kabisa tangu mwanzo.

Anza na sikio. Kabla hujafungua kitu piga stata kidogo usikilize. Injini nzima inazunguka kwa mapigo, inakaza inaachia, inakaza inaachia, silinda moja ikiwa imelegea utasikia pigo moja linaruka kila mzunguko, na kama inazunguka mfululizo kama feni bila kukaza popote basi hapo acha stata kabisa, usirudie. Fungua kifuniko cha oili, injini nyingi unaiona kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, kupitia pale, alafu zungusha krenki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, kwa mkono na spana taratibu. Krenki inazunguka na kamshafti imetulia? Taiming belti au cheni, ile inayounganisha krenki na kamshafti, imekatika. Nakataza stata kwa sababu kwenye injini nyingi taiming ikipotea pistoni na valvu zinagongana, na kila unapopiga unaweza kuwa unapinda valvu ambayo ilikuwa bado salama. Kuna nyingine belti au cheni haijakatika ila imeruka meno, kam inazunguka vizuri tu lakini alama za krenki na kam hazikutani na kompresheni inashuka silinda zote kwa pamoja, kwa hiyo mkikuta zote ziko chini na zinakaribiana, angalieni alama za taiming kabla ya kulaumu ringi.

Kupima nako kuna watu wanapima ovyo. Betri iwe imejaa, toa plagi zote sio moja moja, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, chomoa koili ili moto usiruke kwenye mvuke wa petroli unaotoka kwenye matundu, alafu mwenzio akanyage akselereta mpaka chini wakati anapiga stata. Hiyo akselereta inasahaulika mno jamani, throto, yaani mlango wa hewa ya injini, ikiwa imefungwa hewa inaingia kidogo na utasoma namba mbaya kwenye injini ambayo haina shida yoyote. Injini nyingi za petroli zikiwa nzima zinasoma kama psi (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 120 mpaka 180, chini ya 100 ujue kuna jambo, na silinda ya juu kabisa na ya chini kabisa zisipishane zaidi ya asilimia 10 mpaka 15 hivi, ila kitabu cha gari hiyo ndo kina neno la mwisho. Dizeli inabana kwa nguvu mara mbili tatu ya hapo, usiifungie geji ya petroli.

Sasa msiangalie namba ya mwisho tu, angalieni mshale unavyopanda. Mi hapa ndo napata majibu mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Silinda nzima pigo la kwanza mshale unaruka juu, la pili na la tatu unaongeza, unafika. Ringi zikiwa zimeisha pigo la kwanza ni dogo, la pili linaongeza kidogo, linajikongoja linapanda lakini halifiki. Valvu ikiwa haikai kwenye siti yake, pigo la kwanza dogo na yanayofuata hayaongezi chochote cha maana. Mpe kila silinda mapigo sawa, matano au sita yanatosha, na uandike yote.

Baada ya hapo weka kijiko kimoja cha oili ya injini kwenye silinda mbovu upime tena. Ikipanda sana ni ringi au silinda imelika, kwa sababu oili imeziba pembeni ya pistoni. Isipopanda ni valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Dizeli usiifanyie hii ya oili, nafasi juu ya pistoni ni ndogo sana na oili yenyewe inaweza kuwaka.

Ukiwa na kompresa ni bora zaidi, weka pistoni juu valvu zote zikiwa zimefunga, piga gia ili isizunguke, ingiza upepo kupitia tundu la plagi, sikiliza. Ukitokea eksozi ni valvu ya eksozi, kwenye throto ni valvu ya kuingiza, kwenye kifuniko cha oili ni ringi, na rejeta ikitoa mapovu ni gasketi au hedi imepasuka.

Kingine ambacho kinanisikitisha ni gari iliyoloa petroli. Mtu anawasha injini ya baridi, anaisogeza mita chache, anazima, akirudi haiwaki. Petroli imeosha oili kwenye kuta za silinda, ringi hazizibi, geji inasoma chini silinda zote. Imewahi kuletwa kwetu ya hivyo, mwenyewe ameshaambiwa kwingine aandae hela ya injini, na ilikuwa nzima kabisa. Toa plagi uzikaushe, acha matundu wazi petroli ikauke, weka oili kidogo kila silinda, zungusha mara chache ukiwa umefunika matundu na kitambaa, rudisha, washa akselereta ikiwa chini mpaka mwisho maana gari nyingi za nozeli, yaani zinazopuliziwa petroli na kompyuta, zinakata mafuta zikiwa hivyo. Itatoa moshi, iache iwake mpaka ipate joto kamili. Ukimaliza chomoa kijiti cha oili unuse, ikinuka petroli mwaga uweke mpya kabla hajaondoka nayo.