Swichi nyekundu zinakwaruza, nipulize oili?

Swali: Fundi shikamoo. Nina kibodi yenye swichi za Cherry MX Red, vile vidude vyekundu vilivyo chini ya kila kitufe, miezi minne sasa. Nikibonyeza polepole nasikia kama inakwaruza ndani, nikichapa haraka kila kitufe kinaacha mlio mwembamba kama waya uliopigwa, na spesi ndo inapiga kelele kuliko zote. Mi nilinunua nyekundu nikijua ni kimya. Jamaa kaniambia nipulize oili ya cherehani bila kufungua, dakika tano kazi imeisha. Nifanye?

Jibu: Marahaba. Usifanye. Kama kopo liko mezani liondoe kwanza ndo uendelee kusoma.

Hilo la kupuliza nalipata karibu kila wiki na mara nyingi linanifikia likiwa limeshafanyika. Mwezi uliopita nimeletewa kibodi iliyopulizwa dawa ya kutu, mwenyewe anasema wiki mbili za kwanza ilikuwa laini kama siagi, halafu herufi E ikaanza kutoka mbili mbili, baadaye ikawa haitoki kabisa. Nimefungua ile swichi, kile kibati chembamba cha shaba kinachogusana ili herufi isomwe kimefunikwa utando mweusi, vumbi na nyuzi za nguo zimegandiana na oili. Kifuniko cha juu, kile cheupe cha kupitisha taa, kina nyufa ndogo kama unywele kwenye kona. Vifuniko vingi vya aina hiyo ni polikaboneti, na dawa za kulegeza kutu nyingi haziendani na plastiki hiyo. Swichi 87, nimebadilisha 31.

Sasa elewa kinachokwaruza ni nini. Swichi ya linia kama hiyo Red yako haina kigongo wala kile kidude cha kubofya "tik", ni kipande cha plastiki kinateremka kwenye reli mbili kikisukuma springi, basi. Kwenye Red unasukuma kama gramu 45, kitufe kinasomwa kwenye milimita 2, safari nzima ni milimita 4. Kwa kuwa hakuna kitu kingine kidole kinachohisi njiani, ule msuguano mdogo wa plastiki kwa plastiki ndo unausikia wote, hasa ukibonyeza polepole. Ule mlio wa waya ni springi inatetemeka baada ya kuachiwa. Sio ugonjwa na wala swichi haijakauka, Red nyingi za zamani zilitoka kiwandani hivyo hivyo bila grisi, ni toleo la MX2A la 2023 ndo Cherry wameanza kuzipaka wenyewe.

Na hilo la kimya, aliyekuuzia alikudanganya nusu. Haina mlio wa kubofya, kweli, lakini kile kipande kinagonga chini kila ukichapa na kinagonga juu kikirudi, kwa hiyo ukiwa na mkono mzito itasikika chumba cha pili. Kimya cha kweli ni zile zenye kimpira ndani, Silent Red.

Dawa yake ni grisi kidogo sana, mahali pake tu, ikipakwa kwa brashi baada ya kufungua. Mimi natumia Krytox 205g0 kwenye reli na pembeni mwa kile kipande cha plastiki, utando ambao ukiuangalia kwenye mwanga unaona ung'avu tu na sio weupe, ukiona weupe umezidisha na kitufe kitakuwa kinarudi kwa uvivu kama kimezama kwenye uji. Springi natia kwenye mfuko wa nailoni na matone machache ya Krytox 105, natikisa, mlio unaisha. Kibati cha shaba sikigusi kabisa. Oili ya cherehani ni nyepesi, haikai kwenye reli, inateleza chini mpaka kwenye kibati na kutokea kwenye matundu ya pini hadi kwenye bodi, na ukishapuliza huwezi kuirudisha.

Ndo maana nakasirika na hawa wanaotangaza "kulainisha kibodi nusu saa, subiri uondoke nayo". Hesabu mwenyewe, swichi 87, kufungua, kupaka, kufunga, mkono uliozoea unachukua dakika mbili kila moja, hiyo ni karibu saa tatu na hapo sijahesabu kutoa na kurudisha. Kama zimelehemiwa kwenye bodi ni kazi ya siku nzima. Anayekupa nusu saa hajafungua hata moja, kapuliza tu na kakupa bili, na kikiharibika atasema swichi zako zilikuwa feki. Muulize atatumia grisi gani na akufungulie moja mbele yako, akianza kuzungukazunguka chukua kibodi yako uondoke.

Spesi yako haihusiani na swichi kabisa, hiyo ni stabilaiza, ule waya uliopinda chini ya kitufe kirefu unacheza kwenye plastiki yake. Shifti na enta nazo zinao. Ncha za waya zinataka grisi nzito kuliko hiyo ya swichi, dakika kumi tu na utadhani umebadilisha kibodi. Anza na hiyo kabla hujagusa kingine.

Halafu chomoa swichi moja kama bodi yako inaruhusu, ifungue, nipigie picha ya ndani juu na chini, nikiona reli nitakuambia kama kweli inahitaji grisi au ni mpya tu, maana nyingine zinalainika zenyewe kwa matumizi, wapo wanaotafuta MX Black, swichi nyingine za linia za Cherry, zile kuukuu za kibodi za zamani kwa sababu hiyo hiyo.